Naomba ushauri: ThinkPad T14 Gen 3 au EliteBook 840 G8?

Wakuu habari zenu, natafuta laptop ya kazi, mimi ni Excel na PDF kutwa nzima, sasa nimekwama kwa hizi mbili. T14 Gen 3 ya Intel kioo ni 1920x1200, kimeenda juu kidogo kwahiyo mistari ya Excel inaonekana mingi bila kuskroli skroli, ila sehemu ya RAM imechomelewa kwenye bodi, sloti ya kuongeza ni moja tu. 840 G8 ina sloti mbili ila kioo 1920x1080, na niliyoiona ina ile Sure View, ukiiwasha jirani haoni kitu, lakini hata ikizimwa naona kama kioo kina giza ukikaa pembeni, na macho yangu yenyewe haya ya miwani. Mliotumia kioo cha niti 300 (kipimo cha mwanga wa kioo) karibu na dirisha kinasomeka kweli au nitafute cha 400? Tachi sitaki, inakula chaji bure.