Naomba ushauri: divai nyekundu ya Pinot Noir ya 2014, niinywe sasa au niendelee kuitunza?

Wakuu habari zenu, nipo huku Oakland, nina chupa kadhaa za Pinot Noir ya Russian River Valley (hapa hapa California) za mavuno ya 2014, nimezilaza gizani kwenye joto la nyuzi 13 hivi za Selsiasi. Juzi nimefungua moja, ile harufu ya cheri na stroberi imefifia, sasa inanukia uyoga na majani makavu, rangi imeanza kwenda kwenye ile ya tofali, na ule ukakasi mdomoni umelainika, yaani mi nimeipenda kuliko ilivyokuwa mpya. Ila nyingi za California hazina asidi kali kama za Burgundy kule Ufaransa, wengi wanazinywa ndani ya miaka 10. Mliowahi kuzitunza zaidi, zilizobaki nizimalize mwaka huu au bado zina maisha? Na yale machicha ya chini mnachuja ama mnamimina taratibu tu?