Siku tatu Orlando "bure": twende?

MamaZuu: Jamani, tumepigiwa simu: hoteli siku tatu Orlando, kule Florida, Marekani, bila malipo, mradi tusikilize maelezo ya dakika 90. Sharti mume na mke tuwepo wote. Kuna aliyewahi?

Bi Mkubwa: Tulienda na mzee wangu. Donati, kahawa, tabasamu tele. Dakika 90 zikafika mchana. Kila tukikataa, analetwa bosi mwingine na bei mpya. Wanachouza ni haki ya kukaa kwenye nyumba ya likizo wiki moja kila mwaka, na ada ya matunzo mnalipa hata msipokwenda. Nayo hupanda!

Kaka Seif: Mkisaini, sheria ya Florida inawapa siku 10 kuvunja mkataba. Kwa maandishi, si simu.

MamaZuu: Asanteni. Mume wangu hata muuza mazulia hawezi kumkatalia. Hoteli tutalipa wenyewe.