Tambi za dengu zilizokaangwa siku hiyo hiyo, Tanga mjini nazipata wapi?

Mwana wa Barabara ya 9
Wakuu, habari za jioni. Msaada tutani.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Nimekaa Shinyanga miaka kumi na mmoja kikazi, sasa nimerudi nyumbani kumuuguza baba. Akili yake timamu, ila chakula kinamshinda. Ugali anausogeza pembeni, wali ni vijiko viwili basi. Wiki iliyopita baada ya alasiri akaniambia, "Nitafutie tambi nile na kahawa."

Anazozitaka ni tambi za dengu, zile nyembamba za manjano za kutafuna, si tambi za kupika kwa sukari na iliki. Zamani alikuwa akitununulia tukienda uwanja wa Mkwakwani kuwaangalia Coastal Union wakicheza. Muuzaji anapita na ndoo ya plastiki yenye kifuniko, anakupimia kwa kikombe ndani ya gazeti lililokunjwa pembe, ananyunyiza pilipili ya unga, anakamua ndimu. Zikiisha, chini ya ile pembe yanabaki mavumbi yake yaliyolowa ndimu, na hayo ndiyo mimi na kaka yangu tuliyokuwa tukigombania.

Mpaka leo nimenunua mahali patatu. Pa kwanza pakiti imefungwa vizuri, ndani tambi zimelegea. Pa pili zinanuka mafuta yaliyorudiwa mara nyingi. Pa tatu rangi ilibaki vidoleni. Mzee alichukua moja, akaivunja, akairudisha kwenye sahani. "Hii ina ngano." Hakusema neno jingine, akanywa kahawa tupu. Iliniuma sana.

Kule nilikotoka dengu zinalimwa kwa wingi, lakini tambi za namna hii sikuwahi kuzipata. Ni za kwetu huku pwani. Wenyeji nielekezeni, nikatafute wapi? Natanguliza shukrani.

Mgosi88
Karibu nyumbani mgosi, na pole kwa kuuguza. Siku za mechi Mkwakwani ndoo bado zinapita, lakini ligi ikisimama utasubiri sana. Mimi huanzia soko la Mgandini jioni, nikikosa navuka hadi Makorora. Usinunue kwa wa kwanza unayemkuta. Omba uonje, muuzaji mwenye mali nzuri hakunyimi tambi mbili.

Umenikumbusha mbali. Nilikuwa mdogo mwaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa, na picha niliyobaki nayo kichwani ni mikono ya mzee wangu imejaa mavumbi ya tambi akishangilia.

Mpenda Usafi
Kwa mgonjwa mimi nisingehatarisha na vya barabarani. Nunua pakiti yenye nembo ya TBS, wale wa viwango vya ubora, tazama tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Zikiwa na wiki mbili tatu tu, bado ni nzuri.

Shangazi Chumbageni
Mwanangu, pole sana. Mimi nakaanga tambi tangu 1996, na karai hilo limenisomeshea watoto watatu, kwa hiyo niache niseme kidogo.

Nembo anayoisema mwenzangu hapo juu ina kazi yake na siipingi. Lakini nembo haikwambii kama tambi inalia. Acha kutafuta duka, tafuta karai. Tanga hii ina unyevu wa bahari, na masika ndiyo usiseme. Tambi ikishapoa, ukiiacha wazi saa mbili tatu imeshalegea. Pakiti ikifungwa zikiwa bado na joto ni mbaya zaidi, maana ule mvuke unabaki ndani na kuzirudishia maji. Nadhani hizo zako za kwanza zilifungwa na haraka.

Ngano mzee wako ameijua kwa kuvunja, na hajakosea. Unga wa dengu ni ghali, kwa hiyo wapo wanaouongezea ngano upate kuwa mwingi. Ngano inavuta, tambi inakuwa ngumu kama kijiti. Unga wa mchele kidogo si kosa, wengine hutia ili ziwe kavu zaidi. Mimi natumia dengu tupu, chumvi, manjano, pilipili, na mafuta ya moto vijiko vichache yanayomiminwa kwenye unga mkavu kabla ya maji. Hayo mafuta ndiyo yanayofanya tambi ivunjike mdomoni. Sitii hamira wala rangi. Rangi ikibaki vidoleni ujue manjano haikutosha, mtu akasaidiwa na chupa.

Kisha moto. Dondosha kipande cha unga kwenye mafuta: kikizama na kupanda hapo hapo, tayari. Unazungusha mashine ya kukamulia tambi juu ya karai, tambi inashuka kama uzi na kujikunja duara. Mafuta yanapiga kelele. Sikiliza hiyo kelele, usiangalie rangi. Ikipungua na mapovu yakatulia, maji yamekwisha ndani, geuza, toa. Ukingoja mpaka ziwe kahawia umechelewa, kwa sababu zinaendelea kuiva hata zikiwa kwenye chujio.

Ukikuta muuzaji, chukua tambi moja uivunje karibu na sikio. Ya dengu tupu inakatika mara moja kwa sauti kavu. Yenye ngano inapinda kwanza. Halafu tazama gazeti: doa la mafuta likitapakaa, zilikaangwa mafuta hayajapata moto.

Binti Mvita
Niko Mombasa, na kichwa cha uzi kilinichanganya, kwa sababu huku ndengu ni zile za kijani mnazoziita choroko. Nilipofika kwenye unga wa manjano ndipo nikaelewa. Sisi zikichanganywa na karanga na vikorokoro vingine twaziita chevda, na zile nene ni ganthia. Majirani zetu Wagujarati, ambao ndio wenye asili ya chakula hiki, hizi nyembamba kwao ni sev. Bibi yangu alikuwa akimwagia juu ya viazi vya ukwaju. Mjaribishie mzee kama meno yanamsumbua, zikipata ukwaju hulainika bila kupoteza ladha.

Mwana wa Barabara ya 9
Shangazi, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako mara tatu, mara ya mwisho nimemsomea mzee kwa sauti. Ulipofika kwenye kusikiliza kelele akatikisa kichwa kukubali. Siku zenu za kukaanga ni zipi kwa kawaida? Naona nilikuwa nakosea muda, si mahali.

Binti Mvita, meno yapo, ahsante. Viazi vya ukwaju nimeviweka akiba.

Karai Moto
Kwa zile pakiti ulizokwishanunua: zilizolegea tu usizitupe. Weka kikaango kikavu juu ya moto mdogo kabisa, zigeuze taratibu dakika chache, ziache zipoe kabisa ndipo ule. Zinarudi. Zenye harufu ya mafuta mabovu hizo tupa, hazina dawa.

Na ndimu usimkamulie kabla. Mpe kipande chake pembeni ya sahani akamue mwenyewe, tonge kwa tonge.

Shangazi Chumbageni
Marahaba mwanangu. Kila mkaangaji na siku zake. Mimi ni Jumatatu na Alhamisi, naanza baada ya alfajiri wakati hakuna upepo, saa nne asubuhi nimemaliza. Ya Alhamisi ndiyo nyingi kwa sababu Ijumaa watu hununua wakitoka msikitini. Wenzangu wa Makorora nawajua wawili wanaokaanga Jumatano na Jumamosi. Kwa hiyo mtu akikuuzia, muulize "umekaanga lini?" Akikujibu haraka na kwa siku, nunua. Akisema "ni mpya tu hizi," endelea na safari.

Nitumie ujumbe wa faragha nikuelekeze nyumbani, hapa sipendi kupataja. Njoo na ndoo yenye kifuniko cha kubana, na usiifunike mpaka zipoe.

Mgosi88
Shangazi, na sisi wengine tunaruhusiwa kuja, au ni za mgonjwa peke yake?

Shangazi Chumbageni
Njooni, ila mgonjwa kwanza.

Mwana wa Barabara ya 9
MREJESHO.

Wakuu, jana Alhamisi nilikwenda. Nilifika saa mbili asubuhi, karai bado liko motoni. Shangazi alinipa kigoda, nikaketi nikisikiliza ile kelele aliyoieleza, na kweli inapungua kama mvua inayokatika. Nilingoja zikapoa juu ya gazeti karibu nusu saa. Gazeti lilibaki kavu, herufi zote zinasomeka. Nilichukua nusu kilo.

Alasiri nikamtengea mzee: kahawa, tambi kwenye sahani ya bati, pilipili ya unga pembeni na kipande cha ndimu. Akachukua moja, akaivunja. Nilisikia ikikatika nikiwa mlangoni. Hakuirudisha. Alikula taratibu mpaka sahani ikawa tupu, akakamua ndimu iliyobaki juu ya mavumbi, akayaokota kwa ncha ya kidole.

Nikampigia kaka yangu aliyeko Dar nimweleze. Akauliza jambo moja tu, mavumbi kala nani.

Shangazi, Mungu akuzidishie. Jumatatu narudi na ndoo kubwa, mzee amesema nusu kilo haifiki hata hiyo Jumatatu.