Ukoo wa Mikindani 🌴

06:12 Da Zuhura: Asalaam alaykum. Jamani mjomba Issa anakojoa mkojo mweupe kama tui wiki ya tatu hii, kaficha mpaka Mama Rama kaona ndoo. Kesho hospitali. Kila nyumba elfu 5, mi naanza
1. Zuhura 10,000

06:50 Da Zuhura: tiki za bluu 19 naziona

07:55 Bakari: tui la kwanza au la pili 😂

07:56 Da Zuhura: Bakari peleka kijiweni

08:20 Nesi Mwanahawa: Shikamooni. Ukungu tu unaweza kuwa maji hanywi, au UTI, kisonono, mawe ya figo. Ila wa maziwa kabisa, kwa mtu wa pwani, mi nafikiria minyoo ya matende, hiyo hiyo ya mabusha, inaziba mirija ya limfu mafuta ya chakula yanavujia kwenye mkojo. Anasikia moto akikojoa?

08:31 Mama Rama: Moto hapana. Jumapili kala wali wa nazi na pweza, asubuhi ndoo kama maji ya kuoshea mchele, halafu kikatoka kibonge cheupe kikaziba akasimama chooni nusu saa. Dukani kapewa vidonge vya UTI mara 2 hola

08:33 Nesi Mwanahawa: Asimeze tena vya kubahatisha. Ukiziba tena hapo hapo hospitali msingoje kesho. Na damu wakitaka kutafuta hao minyoo huchukuliwa usiku, mchana hawaonekani

08:40 Shaibu: minyoo walinzi 😂😂

09:10 Bakari: Natoa, ila ile laki 3 ya mabati, hela ya korosho, daftari alishika nani?

09:11 Da Zuhura: Usinianze. Muulize mkeo

09:11 Ujumbe huu umefutwa

11:47 Bibi Somoe: 🎤 0:52

11:50 Mama Rama: Kwa msiofungua, bibi anasema babu yenu alikojoa hivyo hivyo tukasema karogwa, mbuzi 2 wakaishia kwa mganga. Na kingatiba ikigawiwa Issa anakimbilia shamba. Mabati yanyamaze.

13:30 Shaibu: Shikamoo bibi

14:05 Bakari: 2. Bakari 5,000

18:22 Mjomba Issa: Nani kasema habari za ndoo

18:23 Da Zuhura: Mjomba kesho saa 1 bajaji ya Shaibu mlangoni

18:40 Mjomba Issa: Kesho napeleka korosho ghalani. Alhamisi labda

18:41 Da Zuhura: Shaibu unakuja hukuji?

19:26 Shaibu: tairi da Zuhura, namngoja fundi