Mrejesho: boila ya injini yangu ndogo ya mvuke

Wakuu, salamu kutoka Kisumu. Nilikuwa nimeuliza kama mkebe wa rangi unaweza kuwa boila, yaani chombo cha kuchemshia maji yatoe mvuke, ya injini ndogo ya mvuke, mkanikataza. Basi nimetumia kipande cha bomba la shaba nyekundu nilichopata kwa wauza vyuma chakavu soko la Kibuye, na vifuniko vya shaba hiyohiyo pande zote mbili. Risasi ya kuunganishia waya ya fundi redio niliiacha: huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi hivi, na mvuke wa shinikizo la paundi 30 kwa inchi ya mraba tayari uko nyuzi 134. Maji yakipungua tu, joto la shaba linapita hizo 183. Fundi wa friji ndiye aliyeniunganishia kwa kuchomea na fimbo ya fedha, na jamaa ana mkono mwepesi kweli.

Kabla ya moto, ili kuijaribu boila, tulijaza maji baridi hadi hewa yote ikatoka, tukasukuma kwa pampu ya kupulizia dawa mpaka paundi 60. Tone likachungulia shingoni mwa geji ya kupimia shinikizo, tukakaza, pakakauka. Chombo kikipasuka na maji baridi, unalowa tu. Mvuke hurusha vipande.

Vali ya usalama inafunguka kwenye paundi 30. Injini inazunguka vizuri, ila inakula spiriti vibaya sana. Mwenye dawa ya hilo aseme.