Mjadala: Je, mwombaji wa udaktari aandike maelezo binafsi kabla ya kudahiliwa?

Mwalimu wa Baiolojia, Temeke

Ndugu zangu, kumekuwa na maoni kwamba vyuo vyetu vya tiba visiishie kwenye ufaulu wa kidato cha sita, bali kila mwombaji aandike pia maelezo binafsi ya kueleza kwa nini anataka kuwa daktari, kama wanavyofanya Uingereza na Marekani. Wanaounga mkono wanasema alama za Fizikia, Kemia na Baiolojia haziwezi kutuonyesha nani atamsikiliza mgonjwa. Hilo ni kweli. Ninachokipinga ni maelezo hayo kuandikwa nyumbani, kisha yakapewa alama.

Huwa nawasaidia wanafunzi wachache wanaoomba vyuo vya nje, na rasimu zao za kwanza karibu zote zinafanana: tangu utotoni nilitamani udaktari, bibi yangu aliugua, napenda kusaidia watu. Hayo yanaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini hayamtofautishi mwombaji na mwenzake. Msomaji anatafuta jambo ambalo mwombaji amelishuhudia mwenyewe, alilolifanya baada ya hapo, na alichokielewa kuhusu kazi yenyewe, pamoja na ugumu wake. Binti mmoja alifuta aya nzima ya sifa zake, akaandika kuhusu kliniki ya kisukari alikokuwa akimsindikiza mama yake: muuguzi alivyomwuliza mama, kabla ya kugusia dawa, nyumbani anapika nani na wanakula saa ngapi, na yeye binti alivyoanza kuandika kwenye daftari kipimo cha sukari cha kila asubuhi, hadi akaona kinapanda siku zinazofuata sherehe. Hakulitaja neno huruma hata mara moja, wala hakulihitaji.

Ila kufika hapo kulihitaji mtu wa kukaa naye na kumdadisi. Mtoto wa shule ya ada kubwa anaye mtu huyo, na pengine analipiwa. Wa shule ya kata kule Mbagala hana. Uingereza kwenyewe, UCAS, taasisi inayopokea maombi ya vyuo vikuu, iliripoti mwaka 2007 kuwa waombaji 234 walisimulia kisa kilekile cha kuunguza nguo zao za kulalia wakiwa na umri wa miaka minane. Kwa wanaoanza chuo mwaka 2026, taasisi hiyo imeacha insha moja ndefu na kuweka maswali matatu, ukomo ukibaki herufi 4,000 pamoja na nafasi, na sababu mojawapo ni kuwasaidia wasio na wa kuwaelekeza. Wenye mfumo huo kwa miaka mingi wameona kasoro zake. Sisi tuuchukue na kasoro hizo kwa sababu gani?

Daktari, Upanga

Mwalimu, hofu yako kuhusu usawa naiheshimu. Naomba uangalie na upande wa wodini, ambako nasimamia wanafunzi. Wapo vijana waliofaulu vizuri sana ambao, wakisimama kando ya kitanda, wanazungumza na faili badala ya mgonjwa. Masomo ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, na familia imeuza shamba. Kugundua katikati ya safari kwamba kijana alisukumwa na wazazi ni hasara kwa kila mtu. Kuandika kungemlazimu ajiulize mapema. Tena wapo matabibu wenye stashahada wanaorudi kusomea shahada baada ya kuhudumia vituo vya afya vijijini. Uzoefu wao ataueleza nani, kama fomu inauliza matokeo tu?

Mwalimu wa Baiolojia, Temeke

Daktari, kuhusu matabibu nakubaliana nawe moja kwa moja: wao wanayo ya kueleza, na hawahitaji mtu wa kuwatungia. Kuhusu vijana wanaotoka kidato cha sita, pendekezo langu ni kwamba waandike wakiwa chumba kimoja chini ya msimamizi, kwa kalamu, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza kwa hiari yao, na karatasi hiyo isipewe alama bali iwe mwanzo wa usaili. Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilibuni usaili wa vituo vifupi, ambapo mwombaji hupita kwa wasaili mbalimbali mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimpima kwa jambo tofauti, hivyo upendeleo wa msaili mmoja hauamui kila kitu.

Najua utaratibu huo una gharama. Dirisha la udahili hufunguliwa wakati baadhi ya vijana wako kambini JKT kwa mujibu wa sheria, na nauli ya kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam si ndogo. Wenye uzoefu wa udahili watueleze: je, usaili unaweza kufanyika mikoani, katika hospitali za rufaa, kabla majina hayajatoka?