Boss ananianika kwenye grupu la kazini, hawa wazee wa Roma wana msaada kweli?

msela_wa_ghala
Wakuu habari za jioni. Nina boss ambaye kitu kidogo tu kikienda mrama hakuiti pembeni, anakuanika kwenye grupu la WhatsApp la kazini watu wote wanasoma mpaka mlinzi wa getini. Juzi kanishushia maneno kwa kosa ambalo hata sio langu, nikaandika jibu refu la kumchana, kabla sijatuma mshkaji wangu akaninyang'anya simu akaniuliza, we si ndo kila siku unaweka Marcus Aurelius kwenye status? Nikaishiwa pozi. Ni kweli namweka huyo mfalme mwanafalsafa wa Roma ya kale, ila ni zile picha za sanamu lenye ndevu na maneno mawili matatu chini. Sasa wenye kusoma naomba mnisaidie, hawa Waroma wana kitu cha kumfaa mtu wa mshahara mwenye hasira za karibu au ni maneno ya watu walioshiba? Na nianze na nani? Kazi siwezi kuacha sasa hivi, kuna kodi na mdogo wangu yuko chuo.

Kijiwe_Nongwa
Tafuta hela mkuu. Ukiwa nazo hata boss akitukana unacheka.

mzee_wa_shelfu
Marcus muache kwanza. Yule alikuwa anajiandikia mwenyewe, kwa Kigiriki, vingine akiwa kambini vitani kule mto Danube, kwahiyo ukifungua unakuta mtu anajisemesha na hujui ameudhiwa na nani. We tatizo lako ni hasira, soma Seneca, mwanafalsafa mwingine wa Roma, ana kitabu kizima cha hasira tena alimwandikia kaka yake Novatus, ambaye baadae akaitwa Galio, ndo huyo huyo Galio wa Matendo 18 ambaye Paulo alipelekwa mbele yake kule Korintho akawafukuza washtaki.

Humo kuna kisa cha boss kama wako aisee. Tajiri mmoja Vedius Pollio alimwalika Kaisari Augusto chakula cha usiku, kijana mtumwa akavunja bilauri moja, basi Pollio akaamuru atupwe kwenye bwawa lake la mikunga, alikuwa anafuga wale samaki wakubwa wanaokula mtu. Kijana akachoropoka akaenda kupiga magoti miguuni kwa Augusto, na angalia hapa, hakuomba kuishi, aliomba tu afe kifo kingine asiliwe na samaki. Augusto akasema kijana aachiwe, bilauri zote za nyumba ile zivunjwe mbele yake na bwawa lifukiwe. Mimi kila nikisoma hapo natamani kuiona sura ya Pollio.

Ushauri wake wenyewe ni mwepesi kuusema: dawa kubwa ya hasira ni kuichelewesha. Hasemi uisamehe wala ujifanye hujaumia, ipe muda tu uone kama itabaki na ukubwa ule ule. Hilo jibu liandike kwenye notisi za simu ulale nalo, asubuhi ukiona bado linafaa haya, tuma.

Dada_Ngano
Mbona husemi upande wa pili wa huyo Seneca wako? Mwalimu wa Nero, mfalme wa Roma, alishtakiwa hadharani kwamba ndani ya miaka 4 ya kukaa karibu na mfalme amevuna sesterti (pesa za Kiroma) milioni 300 huku akisifia maisha ya kawaida. Na Nero alipomuua mama yake mwaka 59, barua ya kwenda kulitetea lile tendo mbele ya seneti watu walijua mkono wa nani umeiandika.

mzee_wa_shelfu
Kweli dada, sibishi. Mwenyewe alijibu kwamba anausemea wema, hajisemei yeye, na akiyasema maovu anaanza na ya kwake. Jibu la mtu mjanja hilo, silipendi sana. Ila mwaka 65 Nero huyo huyo akamlazimisha ajiue, na hapo hakubabaika.

mama_wa_pacha
Mwanangu, mie ningekwambia anza na Epikteto, mwanafalsafa mwingine wa enzi hizo. Huyo hakushiba, alizaliwa mtumwa, mguu mmoja kilema, bwana wake alikuwa mtu wa ikulu ya Nero. Na huyo Marcus unayemweka status alikuwa anamsoma yeye, mwalimu wake Rusticus ndo alimpa nakala, yaani mfalme anafundishwa na aliyekuwa mtumwa. Usiku mmoja alisikia kishindo, kushuka akakuta taa yake ya chuma imeibiwa. Akasema basi, kesho tutatafuta ya udongo. Yeye anagawa mambo mafungu mawili, yaliyo mikononi mwako na yasiyo. Mdomo wa boss haumo mikononi mwako, ila jibu lako limo.

Lakini asikudanganye mtu kwamba maana yake ni kuwa kinyago! Piga screenshot zote uhifadhi na tarehe, kisha ukiwa umetulia nenda kwa mtu wa rasilimali watu na karatasi zako. Hilo nalo liko mikononi mwako.

msela_wa_ghala
Asante mama, screenshot nimeshaanza kuzipanga. Mzee wa shelfu hicho kitabu cha hasira nakipataje, na kina ugumu gani?

mzee_wa_shelfu
Tafsiri za zamani za Kiingereza ziko bure mtandaoni. Ni sehemu tatu, ruka moja kwa moja hadi ya tatu mwishoni mwishoni, anaposimulia kwamba usiku taa ikishaondolewa na mkewe akanyamaza, maana anamjua tabia, anaipitia siku yake yote, wapi kabishana bure na nani, halafu anajiambia usirudie, kwa leo nakusamehe.

Dada_Ngano
Na wanawake hawakualikwa kwenye hayo mafunzo?

mama_wa_pacha
Mtafute Musonius Rufus, mwalimu wa Epikteto. Alifundisha kwamba binti asomeshwe falsafa sawa na kijana wa kiume. Nero akamfukuzia kisiwa cha Gyaros, mawe matupu.

Kijiwe_Nongwa
Mzee hiyo link ya bure weka hapa basi